Utamu wa Mchuzi Pasipo Kidonge



Mama mmoja wa Nyakato, Mwanza, atuandikia kwamba daktari amemshauri mumewe apunguze chumvi kwa sababu ya shinikizo la damu. Ameviacha vidonge vya kukolezea mchuzi, lakini sasa watoto wanalalamika kuwa mboga ni chapwa. Je, apike sufuria mbili?

La, hasha! Sufuria moja yatosha.

Yafaa kwanza tujue kidonge kile kina nini. Sehemu yake kubwa ni chumvi, na aghalabu huongezwa glutameti iletayo ladha ya nyama. Glutameti si sumu. Profesa Kikunae Ikeda wa Tokyo alitambua mwaka 1908 kwamba ndiyo iletayo utamu wa supu ya mwani. Mwaka 1913 mwanafunzi wake, Shintaro Kodama, alipata kiini kingine cha utamu huo katika samaki mkavu. Viini hivyo viwili vikikutana, huzidishiana nguvu. Nyanya mbivu inacho cha kwanza, dagaa mkavu anacho cha pili. Kumbe mabibi zetu wa kandokando ya Ziwa, waliounga dagaa kwa nyanya, hawakukosea!

Basi nenda Mwaloni, Kirumba, au soko lililo karibu nawe, ukachague dagaa wang'aao kama fedha, waliokaushwa juu ya vichanja bila chumvi. Walioanikwa chini huja na mchanga. Ondoa vichwa na matumbo yaletayo uchungu, waoshe upesi kwa maji ya vuguvugu, kisha waanike tena wakauke kabisa. Wakaange bila mafuta kwa moto mdogo hata wavunjike ukiwabana kwa vidole. Watwange, uchekeche unga, uuweke katika chupa kavu yenye kifuniko.

Upikapo, kaanga kitunguu polepole mpaka kigeuke rangi ya kahawia. Tia nyanya, ukoroge hata maji yakauke. Ndipo utie kijiko kimoja cha chai cha unga wako, kisha maharage, kisamvu au mchicha. Chumvi itie mwisho, tena kidogo, na kamulia ndimu. Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, katika vyakula vyote alavyo.

Aliyekatazwa dagaa kwa ajili ya jongo na atumie nyanya, kitunguu na ndimu tu.

Siku za kwanza ndimi zitanung'unika. Usirudi nyuma, dada yetu. Baada ya majuma machache ulimi huzoea chumvi kidogo. Naye baba atakula mezani pamoja na watoto wake, chakula kilekile, asijione mgonjwa nyumbani mwake.

Hadi Jumapili ijayo.