Dawa mbili si lazima zishinde moja

Katika mikutano yetu tunasikia mara nyingi: muwasho wa sehemu za siri ukirudi, mama anaenda farmasi, anameza flukonazoli na kuongeza dawa nyingine juu yake, ili apone haraka. Juma hili tuone namna watu wa labo wanavyojua kama dawa mbili zinasaidiana ao zinapigana.

Muwasho huo mara nyingi unaletwa na kandida, chachu iliyo ndugu wa levire ya mikate. Katika labo wanachukua kisahani cha plastiki chenye vishimo 96, mistari 8 kwa 12. Dawa ya kwanza inazidishwa kidogo kidogo kutoka kushoto kwenda kuume, ya pili kutoka juu kwenda chini; hivyo kila kishimo kina mchanganyiko wake. Wanatia chachu ndani, wanaiacha katika joto la digri 35 siku moja ao mbili. Maji yakiwa na ukungu, chachu imeota. Yakiwa maangavu, imezuiliwa. Dawa zikisaidiana kweli, robo ya kipimo cha kila moja inatosha.

Lakini flukonazoli inazuia chachu isitengeneze mafuta ya ngozi yake, na amfoterisini B inahitaji kushika mafuta hayo hayo ili kutoboa ngozi. Ya kwanza ikitangulia, ya pili inaweza kukosa pa kushika. Hilo limeonekana katika labo.

Hata hivyo kisahani si mwili. Kuna chachu nyingine, kriptokoki, inayoshambulia ubongo wa wagonjwa wa UKIMWI na kuua wengi. Mwaka 2022 OMS ilishauri dozi moja kubwa ya amfoterisini B, pamoja na flusitosini na flukonazoli kwa siku 14. Ndiyo, zile mbili ziko pamoja! Walithubutu kwa sababu mchanganyiko huo ulijaribiwa kwa wagonjwa wenyewe, hapa Afrika, Uganda jirani yetu ikiwemo.

Mchanganyiko wa farmasi yetu nani aliujaribu? Tena si kila muwasho ni kandida. Muuguzi akiweza kupima ute, tukubali kungoja jibu. Na mwenye mimba aseme mapema: kwake kwa kawaida wanachagua klotrimazoli ya kuweka ukeni kwa siku 7, si flukonazoli ya kumeza.