Akisema 'sijui kuchora', kagua kwanza maelekezo

Mtoto wa miaka mitano anataka kuchora kuku. Mama anatafuta video, anamkabidhi simu. Dakika tatu baadaye ni kilio: mkono wa kwenye video umeshafika mkiani, yeye bado yuko kwenye kichwa. Video inarudishwa nyuma, inasimamishwa, kioo cha simu kinazima, wanaanza upya. Mwisho anasukuma daftari pembeni na kusema hajui kuchora. Wazazi wengi hapo huamini mtoto hana kipaji au hana subira, wakati mara nyingi kasoro ni ya somo lenyewe.

Masomo haya huandaliwa na watu wanaojua kuchora, na anayejua husahau yapi yanamshinda asiyejua. Hatua ya kwanza duara, ya pili duara jingine, ya tatu kuku kamili mwenye kilemba, manyoya na kucha. Katikati hapo pana hatua tano zilizorukwa, na mtu mzima hazioni kwa sababu anazijaza mwenyewe kichwani.

Kuna pia suala la umri. Kwa kawaida mtoto hunakili duara akiwa na miaka mitatu hivi, msalaba akiwa na minne, mraba anapokaribia mitano, na pembetatu baada ya hapo. Watoto hawalingani, lakini mistari ya mshazari huchelewa kwa wengi wao. Kumdai mtoto wa miaka minne masikio ya paka yenye ncha ni kumdai kitu ambacho mkono wake bado haujakiweza. Mpe sungura mwenye masikio ya mviringo, atafurahi.

Njia rahisi ni mzazi kuandaa somo mwenyewe kwenye karatasi. Si lazima awe mchoraji. Mmarekani Ed Emberley alitoa mwaka 1970 kitabu cha kuchora wanyama kwa kutumia maumbo machache tu ambayo mtoto tayari anayaweza, na katika kila hatua akaonyesha umbo gani linaongezwa. Siri yote iko hapo: mtoto asilazimike kutafuta nini kimebadilika.

Karatasi ikunjwe mara mbili ipatikane miraba minne, au zaidi kama mchoro unahitaji. Kila mraba uongeze kitu kimoja. Kuku: mwili, kisha kichwa, kisha mdomo na jicho, mkia, miguu. Mstari mpya uchorwe mnene kwa kalamu ya wino na ile ya zamani ibaki ya penseli hafifu. Wengine hutumia rangi, nyekundu kwa mpya na kijani kwa ya zamani, lakini wapo watoto, hasa wavulana, wasioweza kutofautisha rangi hizo mbili vizuri, na nyumbani huenda hakuna aliyegundua. Unene wa mstari hauna shida hiyo.

Kuku abaki na ukubwa uleule na aangalie upande uleule kutoka mraba wa kwanza hadi wa mwisho. Inaonekana jambo dogo, lakini akigeuka njiani mtoto anapotea. Namba ziwe kubwa. Maneno yawe machache na yaanze na kitendo: "Chora duara", "Ongeza mkia", "Futa mstari huu". Kama kuna mstari wa kufutwa baadaye, uwe wa nukta nukta tangu mwanzo, la sivyo mtoto ataukandamiza kwa nguvu na kifutio kitatoboa karatasi.

Anayetaka kutuma somo kwenye kundi la wazazi wa darasa la awali apige picha ya kila mraba peke yake, simu ikiwa juu moja kwa moja, mchana karibu na dirisha, bila kivuli cha mkono. Ukurasa mzima uliobanwa kwenye kioo kidogo hausomeki. Ni vyema pia wapokeaji wanakili kwenye karatasi kisha simu iwekwe kando. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku mbele ya skrini, na pungufu ya hapo ni bora.

Kupima kama somo linaeleweka, apewe mtoto mwingine, wa jirani au binamu, na mzazi akae kimya. Hii ndiyo sehemu ngumu, maana mdomo unawasha. Penseli inaposimama, au anapouliza "halafu?", hapo ndipo penye hatua iliyorukwa. Arekebishe mraba huo, si mtoto.

Mahali pa kuweka karatasi pia panahusika. Anayetumia mkono wa kushoto akiwekewa mfano upande wa kushoto, mkono wake mwenyewe unaufunika. Uwekwe kulia kwake, au juu ya daftari.

Na kama mtoto anasogeza karatasi hadi karibu na pua, anafumba jicho moja au anainamisha kichwa upande mmoja kila anapochora, apelekwe akapimwe macho kabla ya kuandaliwa kuku mwingine. Vilevile anayefikisha miaka mitano bila kuweza kunakili hata duara, asikemewe. Mhudumu wa afya amwangalie.