Mkanda wa Tumbo Umetolewa: Je, Sasa Akubali Kukatwa?

Juma hili sitawaeleza habari za mbolea wala karo za shule. Watu wa ukoo wangu wameniletea shauri zito, nami nalileta kwenu, maana yakini haliko nyumbani kwetu peke yake.

Dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, ni mwuguzi huko Uingereza miaka mingi sasa. Alipoondoka Songea alikuwa mwembamba kama unyasi. Huko akazidi kunenepa hata akafika kilo 120, akashikwa na kisukari na maumivu ya magoti. Sisi huku tulipoziona picha zake tulishangilia, "Amenawiri!" Kumbe mwenzetu anaumwa. Mwaka 2009 waganga wakamfunga mkanda tumboni, akapungua vizuri. Mwaka 2023 mkanda ukaharibika, ukatolewa. Uzito umerudi karibu wote, na kisukari pamoja nao. Sasa anaambiwa kwamba liko jambo jingine: akatwe tumbo na chakula kigeuziwe njia.

Mama mkubwa aliposikia hayo alikuja ofisini kwangu kwa miguu, akaketi kwenye benchi la wanaoandikisha ubatizo, akasema, "Mwanangu, wewe umesoma chuo cha ualimu. Nieleze wanataka kumfanya nini mtoto wangu."

Mimi si mganga. Niliomba siku chache, nikauliza wanaojua, nikasoma. Niliyomweleza ndiyo haya.

Fikirini gunia la mahindi. Ukilifunga kamba karibu na mdomo, sehemu ya juu inabaki ndogo, nayo hujaa upesi. Kamba hiyo ndiyo mkanda. Umetengenezwa kwa kitu laini kama mpira, na ndani yake una uwazi unaotiwa maji ya chumvi kwa sindano, kupitia kidude kilichofichwa chini ya ngozi. Maji yakiongezwa mkanda hukaza, yakipunguzwa hulegea. Wa kwanza kumfunga mtu mkanda wa namna hiyo kwa kupitisha vyombo katika matundu madogo, pasipo kulipasua tumbo wazi, ni jirani yetu, Daktari Mitiku Belachew, mzaliwa wa Ethiopia aliyechunga mifugo utotoni. Aliifanya kazi hiyo mwaka 1993 katika mji wa Huy, Ubelgiji. Habari hiyo ilimfurahisha sana mama mkubwa, akaniomba niirudie.

Mkanda ulipendwa kwa kuwa haukati kitu, na ukishindikana hutolewa. Walakini miaka ilipopita wengi walirudi hospitali. Kwa wengine mkanda huteleza mahali pake. Kwa wengine huula ukuta wa tumbo mpaka ukaingia ndani, au njia ya chakula juu yake hupanuka. Wa dada yangu uliteleza, akawa anatapika usiku hata shuka zikaloa. Hakumwambia mtu kwa miezi mingi, na hapo alikosa, tena yeye ni mwuguzi.

Jambo moja nataka mlishike. Uzito kurudi baada ya mkanda kutolewa si ulafi. Mkanda ulikuwa unazuia tu, haukuiondoa njaa iliyo mwilini. Mtu akinyang'anywa mkongojo mguu ukiwa bado mbovu, je, mtamcheka akianguka? Wako ndugu katika ukoo wetu waliosema, "Fedha yote ile, na bado anakula." Mama mkubwa aliyasikia maneno hayo kisimani.

Haya, kugeuza njia ni nini? Waganga hukata sehemu ndogo ya juu ya tumbo, kiasi cha yai, wakaifanya mfuko mpya. Kisha hukata utumbo mwembamba na kuuvuta juu, wakauunga na mfuko ule. Tumbo kubwa lililobaki halitupwi. Linakaa mahali pake na kutoa maji yake, ila chakula hakipiti tena humo. Waliobuni kazi hii ni Edward Mason na Chikashi Ito, huko Iowa, Marekani, mwaka 1966, basi si jambo la jana.

Nguvu yake ni kubwa kuliko ya mkanda. Huko Uswidi waliwafuata wagonjwa kuanzia mwaka 1987. Baada ya miaka 10, waliofungwa mkanda walikuwa wamepungua kama 14 kwa mia ya uzito wao, na waliogeuziwa njia 25 kwa mia. Kwa mtu wa kilo 120, hiyo ni kama kilo 17 na kilo 30. Tena kisukari cha ukubwani mara nyingi hushuka sana, wengine wakaacha dawa kwa miaka kadhaa.

Mama mkubwa akauliza, "Na kufa je?" Sikumficha. Katika hospitali nzuri wanaokufa kwa kazi hii hawafiki mmoja katika mia. Lakini aliyekwisha kufungwa mkanda ana makovu ndani, na kukatwa mara ya pili kuna hatari zaidi kuliko mara ya kwanza. Ndiyo sababu mara nyingi waganga huutoa mkanda kwanza, wakangoja miezi kadhaa tumbo lipone.

Njia nyingine zipo. Iko ya kukata tumbo na kuacha kipande chembamba kama ndizi, lakini huweza kuzidisha kiungulia, na dada yangu kiungulia kinamtesa. Ziko sindano za kila juma zinazopunguza njaa. Zinafaa, ila ukiziacha uzito hurudi kwa wengi, nazo ni za bei kali. Hata kwetu, Hospitali ya Taifa Muhimbili kule Mloganzila huweka puto tumboni, na hufanya upasuaji wa kupunguza uzito. Puto hutolewa baada ya miezi tu. Na kutoka Songea mpaka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 900 za barabara.

Hapo ndipo penye shauri lenyewe, kwa maana dada yangu anataka kurudi nyumbani akistaafu. Aliyegeuziwa njia atameza vitamini, chuma na chokaa ya mifupa maisha yake yote, na kupimwa damu kila mwaka. Asipofanya hivyo atapungukiwa damu, mifupa italegea, na miguu itakufa ganzi. Atakula kidogo kidogo, akitafuna sana, maharage na dagaa wa Nyasa kwanza, ugali baadaye. Chai ya sukari nyingi humtoa jasho, moyo ukampiga, akaendesha. Ulanzi humpanda kichwani upesi mno. Diklofenaki, ile tunayonunua dukani kwa maumivu ya mgongo, hatakiwi kuimeza, maana huweza kutoboa vidonda pale palipoungwa. Na akishikwa na maumivu makali ya tumbo, hata miaka mingi baadaye, asikae nyumbani akinywa mizizi. Utumbo huweza kujisokota ndani, na mganga lazima aambiwe mara moja kwamba amegeuziwa njia.

Mama mkubwa alinyamaza kitambo. Kisha akauliza kama si dhambi kukata tumbo zima aliloumba Mungu. Nilimpeleka kwa Padre. Akamjibu kwamba Kanisa halikatazi kukata kiungo kwa ajili ya kuuponya mwili wote, mradi sababu iwe nzito na mgonjwa mwenyewe akubali. Mama mkubwa akasema, "Basi na akubali yeye, si mimi."

Jumapili jioni walizungumza kwa simu yangu. Mama mkubwa alitoa sharti moja: akikatwa, akae miaka miwili karibu na waganga wake kabla ya kurudi. Dada yangu alikubali. Ameandikisha jina, anangoja siku.

Mimi niliandika dawa zake zote katika karatasi, nikazunguka maduka ya dawa mjini Songea. Chuma nimekiona, na chokaa pia. Sindano za vitamini B12 niliambiwa nirudi Alhamisi.