Nyumba ya Magurudumu: Kuwa Mpya Si Kuwa Kamili

Juma hili ukurasa wetu wa kazi za mikono unakwenda mbali kidogo na nyumba zetu za matofali na mabati. Nataka kuzungumza nanyi juu ya nyumba isiyokaa mahali pamoja, yaani ile trela ya kulalia ambayo Wamarekani huifunga nyuma ya gari na kusafiri nayo. Ndani yake mna vitanda, jiko la gesi, friji, kabati, choo na beseni la kuoshea vyombo. Afrika iliziona zamani: katika miaka ya 1959 na 1960 Mmarekani Wally Byam aliongoza msafara wa trela zipatazo 40 kutoka Cape Town mpaka Cairo. Na leo ndugu zetu wengi waliotoka Kivu wanakaa Marekani, ambako nyumba hizo hupita barabarani kila siku.

Mtu akinunua trela mpya hudhani kwamba hana la kutengeneza. Lakini siku ya kwanza mlango wa kabati wakataa kufunga, siku ya pili tone la maji laonekana chini ya beseni. Hapo wengine hukasirika, na wengine husema, "Si kitu." Wote wawili wamekosea. Yafaa kwanza kujua kasoro hizo zatoka wapi.

Asili ya kasoro

Sehemu kubwa ya trela za Marekani huundwa katika jimbo la Indiana, hasa mjini Elkhart na pande zake. Kazi hugawanywa: kundi moja hufunga kabati, jingine hupitisha nyaya za umeme, jingine huunga mabomba, na trela husogezwa kutoka kundi hadi kundi, tena kwa haraka. Zaidi ya hayo, sharti iwe nyepesi ili gari liweze kuivuta. Kwa hiyo kuta za ndani ni mbao nyembamba sana, na vitu vingi vimeshikwa kwa pini na skrubu fupi.

Halafu huja barabara. Sisi tukaao karibu na Ziwa Kivu twalijua tetemeko la ardhi: milango hufunguka yenyewe, sahani huanguka, ufa hutokea ukutani. Trela hutikiswa namna hiyo kila siku ya safari. Si ajabu basi kama skrubu hulegea.

Safari ya kwanza iwe karibu na nyumbani

Mwenye busara haendi mbali na trela mpya. Hulala ndani yake siku mbili au tatu karibu na nyumbani, akijaribu kila kitu. Baba afungue bilula zote na kuwasha taa zote. Mama apike jikoni. Watoto wavute kila droo na kufungua kila mlango. Kila kasoro iandikwe katika daftari pamoja na tarehe, na picha ipigwe.

Kabla ya kushika bisibisi, isomwe karatasi ya dhamana. Mara nyingi kiwanda hudhamini trela kwa mwaka 1, na friji au jiko huwa na dhamana yake kutoka kwa aliyeliunda. Kazi kubwa, kama vile dari kuvuja au sakafu kulegea, si yako: mrudishie aliyekuuzia, naye aitengeneze bila malipo kama dhamana isemavyo. Lakini kwa skrubu moja tu, je, utaiacha trela kwake majuma mengi ukingojea zamu? Kazi hiyo ni ya dakika tano.

Skrubu na milango

Skrubu iliyolegea ikazwe kwa mkono, si kwa mashine, kwa maana ubao mwembamba huliwa upesi. Ikiwa skrubu yazunguka tu bila kushika, tundu limekwisha kupanuka. Chukua vijiti vyembamba vya kuchokolea meno, vitie gundi ya mbao, vijaze tunduni, uvikate usawa wa ubao. Ukingoje mpaka gundi ikauke, kisha urudishe skrubu ileile.

Usishawishike kutia skrubu ndefu zaidi. Nyuma ya ubao huo pengine umepita waya wa umeme au bomba la maji, na ukuta wenyewe ni mwembamba. Watu wameharibu ukuta wa nje kwa kutaka kukaza bawaba ya kabati.

Mlango usiofunga vema, tazama kwanza kama trela yenyewe imesimama sawasawa. Weka pima maji sakafuni. Mara nyingi mlango hauna kosa. Ni trela iliyoinama. Ikiwa imesimama sawa na mlango bado wakataa, basi sogeza komeo kidogo tu mpaka likutane na mahali pake.

Tone la maji

Hili ndilo adui mkubwa. Katika nyumba ya matofali maji hujionyesha ukutani. Katika trela hujificha chini ya zulia la plastiki na nyuma ya ubao. Ubao hunywa maji, huvimba, hulainika, huota ukungu, na siku mguu uzamapo sakafuni, gharama yake ni kubwa kuliko kasoro zote nyingine pamoja. Wahenga walisema kwamba asiyeziba ufa hujenga ukuta. Hapa atajenga na sakafu.

Pampu ya maji itakusaidia kugundua. Bilula zote zikiwa zimefungwa, pampu haina budi kunyamaza. Ikiunguruma kidogo, ikanyamaza, kisha ikaunguruma tena, basi huenda maji yanatoka mahali fulani. Chukua karatasi laini iliyo kavu, upanguse kila kiungo chini ya beseni, nyuma ya choo na karibu na bafu. Karatasi ikilowa, umekipata.

Viungo vingi ni vya plastiki. Vikaze kwa mkono, bila nguvu nyingi, maana plastiki hupasuka. Kikiendelea kuvuja, kifungue utazame kama kipete cha mpira kimekaa upande wake, au kama kina mchanga. Tena, ukiunga trela kwenye bomba la kambi, tia kifaa cha kupunguza nguvu ya maji. Watu wengi huiweka kati ya pauni 40 na 50 kwa inchi ya mraba.

Gesi na hewa

Mpaka sasa nimesema juu ya vitu vinavyoharibika. Sasa nasema juu ya watu wanaokufa. Gesi ya propani ni nzito kuliko hewa, nayo hutulia chini. Kwa hiyo kengele yake huwekwa karibu na sakafu. Usiifunike kwa sanduku wala kwa nguo. Ukisikia harufu ya gesi, usiwashe taa wala kiberiti: toa watu wote nje, funga chupa ya gesi iliyoko nje, na mwite fundi wa gesi. Kazi hiyo si ya mtu wa nyumbani.

Iko pia hewa ya moto usiowaka vema, monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu. Kengele yake ina tarehe ya mwisho. Isome, uijaribu, utazame kama betri imo. Ni kasoro ndogo kuliko zote, lakini yaweza kuwaua watu wa nyumba nzima usingizini.

Na ile harufu ya upya ambayo watu huifurahia? Baada ya tufani Katrina ya mwaka 2005, serikali ya Marekani iliwapa trela watu waliopoteza nyumba, na wengi wao walilalamika macho kuwasha na kifua kuuma. Februari 2008 taasisi ya CDC ilitangaza kwamba vipimo vimeonyesha formaldehidi nyingi ndani yake, ikataka watu wahamishwe kabla ya joto la kiangazi. Dawa hiyo hutoka katika gundi ya mbao. Sheria ya kuipunguza ilitungwa mwaka 2010, lakini desturi njema imebaki: trela mpya ifunguliwe madirisha siku nyingi kabla ya watoto kulala ndani.

Baada ya safari ya kwanza, daftari lifunguliwe tena na kila skrubu ijaribiwe upya. Wenye kabati jipya lililoletwa kwa lori kutoka mjini wafanye vivyo hivyo. Fundi alimaliza kazi yake kiwandani. Ya mwenye nyumba imeanza.