Mdogo wangu, tairi pana halilipi mahari!

Kama uko kwenye daladala umebanwa mlangoni, soma polepole, kituo chako hakikimbii. Kama uko ofisini na bosi anapita, funika na faili. Wiki hii mambo ya mapenzi nayaweka pembeni, ingawa nayajua yalivyo, yatarudi yenyewe huko mbele bila kuitwa. Leo nazungumzia viatu vya gari.

Vijana wa mjini mnazimia rimu, hilo halina ubishi. Unamkuta mtu ana mkoko wake unakohoa kama mzee wa pumu, taa moja ya nyuma imekufa, lakini chini kavalisha rimu za inchi 18 zilizotokeza nje ya madigadi kama masikio ya popo. Akipita kijiweni washikaji wanapiga miluzi, naye anajiona babu kubwa. Sawa, hiyo ni ya kuuza sura, na sura nayo ina soko lake. Lakini wapo wanaotafuta matairi mapana kwa sababu nyingine kabisa. Wanataka gari lao la spoti likiingia kwenye kona kwa kasi, ling'ang'anie lami. Hao ndio wangu wa leo.

Nimepata ujumbe kutoka Japani. Mtumaji ni kijana wa Dar, anafanya kazi kule kwenye yadi ya magari ya mitumba, haya haya yanayoshushwa bandarini kwetu yakiwa na usukani kulia. Kajinunulia Eunos Roadster, na siku za mapumziko hulipeleka saketi ya Tsukuba, analipa kiingilio na kuzunguka anavyotaka. Sasa kaona rimu za inchi 15 zenye upana wa inchi 9, ofseti 36, za kuvalishwa matairi ya 225. Wenzake wa kule wamemwambia akizifunga atakata sekunde kama mchezo. Pesa anayo. Tatizo ni kwamba pesa yenyewe ni ya mahari, na shemeji yetu aliyeko Dar hajui lolote. Anauliza, braza, nizichukue?

Unaona? Nilikwambia mapenzi yatarudi yenyewe.

Kwa wasiolijua gari hilo, Mazda walilionyesha mwaka 1989 kwenye maonyesho ya magari ya Chicago. Ni kigari cha viti viwili, paa la kukunja, injini mbele, nguvu inakwenda matairi ya nyuma. Marekani waliliita Miata, Ulaya MX-5, na Japani likauzwa kama Eunos Roadster. Toleo la kwanza lina injini ya cc 1,600 na uzito usiofika tani moja, kama kilo 950 hivi. Tsukuba nayo ni saketi fupi, kilometa 2 na mita 45 tu, na hapo ndipo waandishi wa magari wa Japani walipoanza mwaka 1989 kushindana kwa Roadster kwa saa 4 mfululizo. Kwenye saketi ya namna hiyo mwenye farasi wachache hapati pa kutambia kwenye njia iliyonyooka. Mbio zake anazitoa kwenye kona na kwenye breki. Kwa hiyo mdogo wangu hajakosea kufikiria matairi. Kilichomponza ni hesabu.

Tuanze na kiatu alichokuja nacho gari kutoka kiwandani. Tairi limeandikwa 185/60R14. Maana yake upana ni milimita 185, ukuta wa tairi una urefu wa asilimia 60 ya huo upana, na rimu ni ya inchi 14. Rimu yenyewe ina upana wa inchi 5 na nusu tu, ofseti 45. Ofseti ni umbali kati ya katikati ya rimu na pale inapokaa kwenye habu. Namba ikiwa kubwa, rimu inaingia ndani ya gari. Ikipungua, rimu inatoka nje.

Sasa chukua kalamu. Kutoka inchi 5 na nusu hadi 9 umeongeza inchi 3 na nusu, yaani milimita 89. Nusu inakwenda ndani na nusu nje. Halafu ofseti imeshuka kutoka 45 hadi 36, hizo milimita 9 zinasukuma rimu nje zaidi. Matokeo yake, ukingo wa nje unatoka milimita 53 kupita ulipokuwa, na wa ndani unaingia milimita 35. Milimita 53 ni vidole vyako vitatu! Weka vidole vitatu nje ya tairi lako la sasa, kisha niambie madigadi yako wapi. Na ndani kule kuna shokapu na mikono ya chuma inayoshika gurudumu, nayo inahitaji nafasi yake.

Sisemi haiwezekani. Rimu za 9 na matairi ya 225/45R15 kwenye kigari hiki ni jambo linalojulikana, na watu wa saketi wanalifanya kila siku. Lakini waulize walichofanya kabla. Wamekunja ile midomo ya ndani ya madigadi ili isichane tairi. Wamebadilisha springi na shokapu. Wamelaza matairi kwa juu yaingie ndani nyuzi 2 na nusu mpaka 3, maana gari likilala kwenye kona, tairi lililosimama wima hukanyagia ukingo wa nje peke yake na kuuchakaza. Wamerudi kwa fundi wa alaimenti mara mbili tatu. Bei ya rimu ni kiingilio cha mlangoni tu, msomaji wangu. Vinywaji utanunua ndani.

Halafu kuna jambo linalowachanganya wengi. Mtu anadhani tairi likiwa pana mara moja na nusu, basi linagusa lami mara moja na nusu zaidi. Hapana. Gari na dereva wake tuseme ni kilo 1,020. Kila tairi linabeba kama kilo 255. Ukilijaza upepo wa kilo 2 kwa kila sentimita ya mraba, linahitaji kugusa lami kwa sentimita za mraba 125 hivi kubeba mzigo huo, karibu na ukubwa wa kiganja chako pamoja na vidole. Tairi likiwa pana na upepo ni ule ule, eneo halibadiliki sana. Kinachobadilika ni umbo: kiganja kinalala kwa upana badala ya urefu. Umbo hilo linasaidia kweli kwenye kona, tairi halijipindi sana na linaitikia usukani haraka. Tena joto linasambaa kwenye mpira mwingi zaidi, ndiyo maana matairi mapana ya saketi yanaweza kutengenezwa kwa mpira laini unaoshika na bado yakavumilia mizunguko.

Lakini gari jepesi lenye injini ndogo likivalishwa tairi pana kupita kiasi, mpira unachelewa kupata joto. Rimu na tairi vikiwa vizito kuliko vya zamani, injini inasukuma mzigo mkubwa zaidi kila ukitoka kwenye kona, na springi zinahangaika kuyatuliza magurudumu kwenye matuta. Mvua ikinyesha, tairi pana linapanda juu ya maji mapema kuliko jembamba. Na ofseti ikishuka sana, usukani unakuwa mzito na kuvutavuta, na beringi za magurudumu zinabeba mzigo ambazo hazikuandaliwa.

Lingine ni la usalama, na hapa naomba tusitaniane. Tairi jembamba la kawaida ni rafiki mwema kwa anayejifunza. Linalia mapema, linaanza kuteleza taratibu, unapata muda wa kurekebisha. Tairi pana la mpira wa saketi linakushikilia mpaka spidi ya juu zaidi, na likiachia, mara nyingi huachia ghafla. Ukiwa hujaijua lugha ya gari lako, utakuja kuisoma kwenye ukuta. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, wazee hawakukosea.

Kwa hiyo mdogo wangu, jibu langu ni hili. Tafuta rimu nyepesi ya inchi 15, upana wa 7, ofseti kati ya 35 na 40. Ya upana 7 na ofseti 38 inatoka nje milimita 26 na kuingia ndani 12 tu. Ivalishe 195/50R15. Piga hesabu mwenyewe: tairi la kiwandani lina kimo cha milimita 578, hili lina 576. Spidomita haitadanganya, gia hazitabadilika tabia, na madigadi yatabaki na midomo yake. Ukijenga gari zaidi huko mbele, ndipo uanze kuziwaza hizo 9.

Kabla hujatoa hata senti, pima. Gari lako lina tundu 4 za nati, zimepangwa kwenye duara la milimita 100, na tundu la katikati ni milimita 54.1. Rimu yenye tundu kubwa zaidi itafutiwe pete ya kuziba pengo ili ikae sawasawa, la sivyo usukani utatetemeka. Muombe muuzaji akujaribishie rimu moja. Piga jeki, ifunge, izungushe kwa mkono uone kama miguu ya rimu haigusi breki. Kisha inua gurudumu kwa jeki ya pili mpaka springi ibanwe, zungusha usukani kushoto mpaka mwisho, kulia mpaka mwisho. Ukiona linasugua popote, ishukuru rimu na uirudishe. Muuzaji atakwambia litajizoesha lenyewe. Kila mwamba ngoma huvutia kwake! Na baada ya mizunguko ya kwanza saketini, acha gari lipoe na ukaze nati upya kwa spana ya kupimia nguvu, kwa kipimo cha kitabu cha gari. Upepo nao upime tairi likiwa bado la moto, ndipo utajua kweli linafanya nini.

Sasa tuje kwa shemeji. Rimu ninazokushauri unaweza kuzikusanyia kwenye mshahara kwa miezi kadhaa, na hiyo miezi uitumie kujifunza kona za Tsukuba kwa matairi uliyonayo. Utakata sekunde nyingi kwa mikono na macho yako bila kununua hata nati. Ile pesa nyingine si yako peke yako. Umeitolea ahadi, kuna mama mkwe anahesabu siku na kuna binti anawajibu mashosti zake kila wiki kwamba mambo yanakwenda vizuri. Kama bado roho inakuuma, mpigie simu umwambie mwenyewe kwamba unazimia rimu. Huenda akacheka, huenda akanuna, lakini atakuwa amesikia kwako. Akija kuyaona matairi mapana kwenye picha kabla ya kuiona barua ya posa, hapo mdogo wangu hakuna saketi itakayokuokoa.

Na ninyi wengine mnaochekea pembeni, hebu inameni leo jioni msome namba za tairi zenu wenyewe. Nina wasiwasi wapo waliovaa kushoto namba moja na kulia nyingine. Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutazungumzia wanaoazima gari la shemeji na kulirudisha likiwa halina mafuta. Mnajijua!