Chupa ya Dukani na Biwi la Nyumbani

Katika maduka ya pembejeo ya miji yetu imeenea bidhaa ambayo kwa jina lake na kwa sifa zinazotajwa juu yake humvuta kila mwenye kibustani nyuma ya nyumba, nayo ni chupa ya maji meusi yatokanayo na mboji, ambayo wataalamu huyaita chai ya mboji na wauzaji wengi huyaita busta, na ambayo husemwa kwamba kifuniko chake kimoja katika bomba la lita 20 chatosha kuunawirisha mchicha, kuzalisha nyanya na kufukuza maradhi ya majani. Sina ugomvi na biashara ya halali, wala simhusudu mtu riziki yake. Lakini naona ni wajibu kusema waziwazi kwamba mwenye matuta machache ya mchicha, bamia na bilinganya za kitoweo hana haja ya kuinunua chupa hiyo, na kwamba bei yake ghali hailingani na manufaa yake.

Tufanye hisabu. Mboji iliyoiva vizuri aghalabu huwa na naitrojeni kiasi cha asilimia moja hadi mbili ya uzito wake mkavu, na sehemu kubwa ya naitrojeni hiyo imefungamana na mabaki ya mimea, haiyeyuki katika maji, bali huachiliwa pole pole na vijidudu vya ardhini kwa muda wa miezi na misimu. Basi mtu akiloweka kilo tatu za mboji katika ndoo ya lita 20, kile kitakachotoka pamoja na maji ni gramu chache tu. Chupa nayo haina muujiza. Ikiwa lebo yake yataja naitrojeni asilimia 5, basi lita nzima ina takriban gramu 50, ilhali kilo moja ya yurea ina gramu 460; na mtumiaji akifuata kipimo cha mililita 20 kwa bomba, bomba lote hupata gramu moja, nayo hugawanywa kwa mimea yote ya bustani. Chai zote mbili, ya nyumbani na ya dukani, ni chakula chepesi cha mimea. Tafauti yao kubwa ni kwamba aliyeloweka mwenyewe hubakiwa na makapi ndani ya gunia, na makapi hayo, yakifukiwa tutani, ndiyo yaliyobeba sehemu kubwa ya rutuba. Mnunuzi wa chupa amelipia maji, na mboji yenyewe imebaki kwa mwingine.

Wauzaji wataleta hoja nyingine, kwamba thamani ya chai hii haimo katika chakula bali katika uhai, yaani bakteria na kuvu wema wanaokwenda kuishi juu ya majani na katika mizizi. Hoja hii ilienezwa sana na Elaine Ingham, mtaalamu wa vijidudu vya udongo wa Marekani, ambaye alihimiza kutengeneza chai kwa kupuliza hewa ndani ya maji ili viumbe hao wazaliane. Lakini mafundisho hayo hayo yasema kwamba chai ya namna hiyo sharti itumiwe katika muda wa saa chache baada ya kuzimwa mashine ya hewa, kwa kuwa viumbe wanaohitaji hewa hufa inapokwisha. Sasa na tuulize kwa insafu: ikiwa maji haya huharibika kabla ya jua kutua, vipi yatakuwa hai baada ya kufungwa katika plastiki, kusafirishwa na lori na kukaa miezi rafuni katika joto la Dar es Salaam au Mombasa? Fauka ya hayo, Linda Chalker-Scott wa Chuo Kikuu cha Washington State ameandika kwa miaka mingi kwamba ushahidi wa chai ya mboji kuzuia maradhi shambani ni dhaifu na haulingani, mahali hapa ikionekana kufaa na pale isifae kitu. Mwenye nyanya zilizoshikwa na ukungu asiambiwe kwamba dawa imo chupani.

Yafaa pia tukumbuke kwamba elimu ya mboji si ngeni katika nchi hizi. Albert Howard, Mwingereza aliyefanya kazi huko Indore nchini Hindi kuanzia mwaka 1924 hadi 1931, aliitazama kwa heshima desturi ya wakulima wa Hindi na ya Wachina, akaipangia utaratibu wa matabaka ya majani na samadi yanayogeuzwa kwa vipindi mpaka yaive katika muda wa miezi mitatu hivi. Na utaratibu huo ulifika upesi Afrika Mashariki, kwani mwaka 1933 ulikuwa umekwisha kuanza katika shamba la kahawa la Kingatori, karibu na Kiambu. Na kabla ya Howard kuzaliwa, Wachaga walikuwa wakitoa samadi ya mifugo iliyofungwa nyumbani na kuirudisha migombani katika vihamba vyao, yaani mashamba ya kando ya nyumba.

Kwa hiyo anayetaka chai aanze na biwi. Akusanye majani makavu, majani mabichi, maganda ya ndizi na ya mihogo, samadi ya ng'ombe, mbuzi au kuku, na majivu kidogo. Apange tabaka juu ya tabaka mpaka kimo cha mita moja au zaidi, anyunyize maji hata likiguswa liwe na unyevu pasipo kuchuruzika, alifunike kwa makuti au majani ya migomba, kisha aligeuze kila baada ya wiki mbili au tatu. Biwi lililopangwa vyema hupanda joto hata kupita nyuzi 55, na joto hilo likidumu siku kadhaa, na kila upande ukapata zamu yake katikati, huua mbegu za magugu na vijidudu vingi vya maradhi. Mboji ikiiva huwa nyeusi, hukatika mkononi, na harufu yake ni ya ardhi iliyonyeshewa. Hapo ndipo atie kiasi katika gunia, alining'inize ndani ya pipa la maji kwa siku chache akikoroga, halafu amwagilie shinani.

Na anayehitaji chai yenye nguvu zaidi asitazame rafuni, atazame ua wa jirani, kwani alizeti mwitu yenye maua ya manjano, iliyotoka Mexico na sasa imejaa kando ya barabara za nyanda zetu za juu, ni hazina. Watafiti waliofanya kazi magharibi mwa Kenya katika miaka ya 1990 walikuta kwamba majani yake mabichi, yakihesabiwa kwa uzito mkavu, yana naitrojeni kiasi cha asilimia 3.5 na potasiamu kiasi cha asilimia 4, nayo huoza upesi. Yakatwekatwe, yalowekwe wiki moja au mbili katika pipa lenye kifuniko, yachujwe, na maji yake yazimuliwe kwa maji safi mara mbili au tatu kabla ya kutumiwa. Harufu yake ni kali, hilo silifichi, na majirani wastahiki kuarifiwa mapema.

Hapa pana jambo la hadhari ambalo mpenzi wa vitu vya nyumbani aghalabu hulipuuza. Baadhi ya watu hutia molasi au sukari katika pipa wakidhani wanalisha bakteria wema, na wengine huloweka samadi mbichi kisha huinyunyiza juu ya mboga. Jopo la wataalamu lililoundwa na bodi ya viwango vya kilimo hai ya Marekani lilieleza mwaka 2004 kwamba viongezwa vya namna hiyo vyaweza kuwalisha pia vijidudu vya kinyesi, miongoni mwao E. koli na salmonela, wakazidi mno. Watu walao kachumbari kila siku kama sisi hawana ruhusa ya kulifanyia mzaha jambo hili. Mboji iwe imeiva, sukari isitiwe, na maji ya samadi yasiguse kabisa majani ya saladi, giligilani wala nyanya zinazoliwa mbichi.

Nasikia yakisemwa mambo mawili ya kuitetea chupa. La kwanza ni wasaa, kwamba mtumishi wa mjini arudiye nyumbani magharibi hana nafasi ya kugeuza biwi. Nami nakubali kwamba akaaye ghorofani na vyungu vyake vitano aweza kununua bila lawama, mradi asome lebo na atake kuona usajili wa bidhaa. La pili, ambalo halisemwi kwa sauti, ni hili: wapo waonao kwamba kuokota kinyesi cha ng'ombe ni kazi ya fukara, na kwamba chenye lebo ya rangi ni maendeleo. Fikra hiyo yanihuzunisha sana, maana ndiyo iwafanyayo wenye kipato kidogo watoe fedha za daftari za watoto ili wanunue kile wanachokichoma moto kila Jumamosi wanapofagia uwanja. Tena lebo peke yake si dhamana. Mwaka 2024 wakulima wa Kenya waligundua kwamba baadhi ya mifuko waliyouziwa kama mbolea, tena katika mpango wa ruzuku, haikuwa mbolea inayostahili jina hilo.

Ardhi ya pwani yetu, kuanzia Lamu mpaka Mtwara, kwa sehemu kubwa ni ya kichanga, na kila kimiminika kinachomwagwa juu yake hupenya upesi kikiichukua rutuba chini isikofika mizizi ya mchicha. Ardhi kama hiyo yahitaji mboji yenyewe, debe baada ya debe, msimu baada ya msimu, ipate kushika maji na chakula. Chai ni nyongeza tu ya kuusukuma mche uliodumaa. Na bustani ambayo hata baada ya mboji yaendelea kutoa majani ya manjano, mwenyewe na achimbe udongo kina cha sentimita 20 mahali kadhaa, auchanganye, auanike kivulini, na apeleke kiasi cha nusu kilo kupimwa katika maabara ya udongo ya Mlingano huko Tanga, au ya Kabete kwa walio Kenya, apate kujua chumvi, uchachu na upungufu wa ardhi yake kabla ya kuinunulia chochote.