Kitabu ya bei ya kushuka: tununue ao tuache?

Bandugu ba mu kariere, na bamama ba ku nyumba, leo sitasema juu ya mushahara. Nitasema juu ya kitabu.

Siku ya posho moja nilipita mu katikati ya muji, pale bauzishaji ba bitabu banatandika bintu yabo chini. Kijana mumoja akaniita: « Papa delege, njoo uone. Hii ilikuwa dola 40, leo ninakuachia kwa 20. » Ilikuwa kitabu nene ya ndege na nyama ya pori, picha ya rangi kila ukurasa, imeandikwa kwa Kiingereza, imetoka Afrika ya Kusini. Mutoto wangu alikuwa pembeni yangu, na macho yake haikutoka pale. Nikajibu: « Mudogo, nipe dakika kumi. »

Dola 20 ku nyumba ya mutu wa kazi iko unga na mafuta. Basi mbele ya kuuliza bei, nilifungua ukurasa ya karte. Na njo pale nilipata jibu ya kwanza. Ile kitabu inasema juu ya inchi zenye ziko kusini ya mito Zambezi na Kunene. Sisi ba Lubumbashi tuko kaskazini. Ni kweli, ndege haijue mupaka: mingi yenye iko kule iko na huku kwetu mu miombo. Lakini ile yenye iko kwetu peke, hautaikuta.

Nikamupa mutoto mufano. Ku ziwa ya Lufira, yenye tunaita Tshangalele, kuko ndege ndogo yenye kusuka nyumba yake na majani. Bataalamu Louette na Benson baliipa jina mu mwaka 1982: Ploceus ruweti. Na ile ziwa yenyewe ni kazi ya mine: maji ilijaa juu ya barrage ya Mwadingusha, yenye ilianza kutoa umeme mu 1930 kwa ajili ya viwanda ya Union Minière. Ndege ya kwetu, ku ziwa yenye bababu zetu balijenga kwa mikono yabo, na mu kitabu ya dola 20 haiko. Bei kushuka nusu haisaidie kitu kama kitabu haikujue.

Najua bamoja batasema: « Delege, mutu wa kariere na kitabu ya ndege ni wapi na wapi? » Ni neno ya haki. Ngoja niseme ile ilinifanya nifikiri sana.

Mu majira ya mvua, nyumba ya kamarade wetu mumoja balikula bowa ya kuchanganya, yenye balinunua ku njia. Usiku bote balianza kutapika. Mutoto mudogo alilala ku lopitali siku tatu. Alipona, Mungu asifiwe. Lakini pale munganga aliuliza: « Ilikuwa bowa ya namna gani? », hakuna hata mumoja alijua kujibu. Mama alisema tu: « Nyeupe. » Bandugu, nyeupe haiko jina. Kuko bowa nyeupe ya kula na kuko nyeupe ya kuua. Na ile mbaya zaidi haionyeshe maumivu mara moja: inaweza kungoja saa 6, saa 12, hata zaidi, na pale tumbo inaanza kuuma, maini imekwisha kuguswa. Moto ya sufuria haiue ile sumu. Maneno ya bazee kama kutia kijiko ya feza mu sufuria, ao kusema « wadudu inakula, basi na sisi tunaweza », haina ukweli.

Basi kitabu yenye inatupasa ni ya bowa. Na hii iko. Inaitwa « Champignons comestibles du Haut-Katanga », ilitoka mu 2017, batungaji ni De Kesel, Kasongo na Degreef, ni namba 17 ya bitabu ya Abc Taxa. Iko kwa Kifaransa, iko na picha, na inasema juu ya pori yetu wenyewe. Bei yake? Bure ku intaneti. Kutoka dola 40 kufika 20 ni kushuka kidogo. Kutoka 20 kufika bure njo kushuka kwenyewe.

Lakini tusidanganyane. Kitabu haimalize yote. Bowa inavuta madini kutoka mu udongo. Ile yenye imeota karibu na remblai, ao mu njia ya moshi ya kiwanda, inaweza kuwa ya kula mu kitabu na kuwa mbaya mu tumbo. Kuosha kunatosha mavumbi ya juu, hakutoshe ile imekwisha kuingia. Na tena: bowa mingi ya kwetu inaishi pamoja na mizizi ya miti ya miombo. Tukimaliza miti kwa makala, kitabu itabakia na picha tu.

Na kujua bimea haiko kazi ya bazungu. Bazee bafua mukuba balijua kwamba kilima bila miti, yenye maua fulani tu, iko na mukuba chini. Ile maua Haumaniastrum katangense, yenye Bafaransa banaita maua ya mukuba, ilisaidia bataalamu kupata mahali bazee baliyeyusha mukuba zamani. Hii elimu ni yetu. Ni sisi tuliiacha.

Ile siku sikununua. Nilimushukuru kijana, nikamuambia akipata kitabu ya Kongo aniite. Mutoto alinuna mpaka ku nyumba. Ile dola 20 niliiweka mu kasha ya sindika, bakamarade baliongeza, tukachapisha kwa rangi kurasa ya bowa yenye tunakula zaidi. Kisha tukaita bamama. Pembeni ya kila picha, mama mumoja wa Katuba aliandikisha jina ya Kibemba na jina ya ku soko. Picha mbili alizikataa: alisema hazijue, na yeye hataziuza.

Sasa neno kwa makampuni. Kila moja inafanya étude ya mazingira, na ndani muko liste ndefu ya miti na nyama, yenye mutu wa kijiji hajue kusoma. Kode ya mine ya 2018 inaomba 0,3 % ya chiffre d'affaires kwa maendeleo ya bantu ba pale. Kidogo ya ile feza inaweza kutosha ile liste mu Kiswahili, na picha, na kupima udongo ya pale bamama banaokota bowa. Tutaiomba ku mukutano yenye inakuja.

Mu kungoja, zile kurasa ziko ku bilo ya sindika. Mama yeyote apite aone. Na kama iko na bowa yenye hajue, alete bowa yenyewe mbele ya kuipika.